Maua ya Uani kwa Masista

Nyumba ya Malezi,
karibu na Rodi Kopany.
Jumapili, 9 Februari 2025

Shangazi yangu Eucabeth,

Naomba salamu hizi zikukute mzima hapo Migori, wewe na mwanao Obare na mkewe Mong'ina, na miche yako yote kando ya barabara. Mimi sijambo. Mguu ulionisumbua Krismasi umepona, na chakula cha hapa kimenirudishia mashavu.

Naandika kwa Kiswahili kama tulivyozoea tangu uliponichukua Isebania nikiwa na miaka sita, siku chache baada ya kumzika mama, maana wakati ule wewe hukujua Kikuria na mimi sikujua Ekegusii. Isitoshe, Sista Filister, mlezi wetu sisi wanovisi, husoma barua zote, zinazotoka na zinazoingia, naye ni Mjaluo. Simu zetu bado zimefungiwa kabatini mwake, kwa hiyo usijisumbue kupiga.

Kilichonifanya nikuandikie ni uani. Kila novisi amepewa sehemu ya kutunza. Mwenzangu mmoja amepewa kuku, mwingine jikoni, na mimi nimepewa uwanja ulio kati ya kanisa dogo na bweni. Shangazi, huo uwanja ni giza. Kuna ukuta huku na ukuta kule, na juu kuna miti mitatu mikubwa iliyoshikana matawi. Jua haligusi chini hata saa saba mchana. Wanovisi wote walionitangulia walipanda waridi, wakapanda alizeti, vyote vikafa. Sista Filister alipouliza nani anaweza, mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema nimelelewa na shangazi mwenye nasari ya maua. Akasema vizuri, basi uani pachanue kabla ya siku ya nadhiri.

Siku hiyo ni Jumamosi, tarehe 16 Agosti. Askofu ndiye aliyeichagua. Desturi ya hapa ni kwamba kila novisi anaitwa kwa jina, anasimama na mzazi wake mbele ya altare, na mzazi anamtoa kwa mkono wake. Nakueleza tu ujue. Sikuombi chochote ila ushauri wa maua.

Mtoto wako,
Moraa


Migori,
Jumanne, 18 Februari 2025

Moraa mwanangu,

Barua imefika. Kwanza namsalimu Sista Filister, kwa kuwa yeye ndiye anayesoma hapa sasa hivi. Sista, hujambo? Ukimaliza, mpe mtoto barua yake.

Huku tuko salama. Mong'ina ana mimba ya miezi miwili na anatapika kila akinusa samaki, na kwenye soko hili atakimbilia wapi? Obare ameuza pikipiki yake akanunua nyingine inayofanana nayo kabisa. Nilimwuliza sababu, akacheka tu. Mvua bado, lakini mawingu yanapita kila jioni kama watu wanaoogopa kubisha hodi.

Sasa huo uwanja. Umeniandikia kana kwamba ni kaburi. Kivuli, ukuta unaozuia upepo, udongo mweusi wa majani yaliyooza: mwanangu, hapo ndipo mahali pa bizi lizi. Ni yale maua laini ya kivulini ambayo pakiti huyaita impatiens. Ukiyaweka juani yanalala chini kama mlevi. Ukiyapa kivuli na maji, hayajui kuacha kuchanua. Lakini usinunue miche. Uwanja mzima ni mkubwa, na wewe ulijigamba mwenyewe. Utaanza na mbegu.

Nimekufungia kwenye karatasi. Utakapoifungua, funga dirisha kwanza na usikohoe. Mbegu hizi ni laini kuliko ugoro. Chukua udongo wa chini ya ile miti, uuchekeche kwa chujio la chai, uumwagie maji yanayochemka, uuache upoe kabisa. Maji hayo yanaua ule ugonjwa unaoangusha miche michanga shingo. Tia udongo kwenye trei iliyotobolewa chini. Changanya mbegu na kijiko kimoja cha mchanga mkavu, unyunyize kama unavyotia chumvi. Usizifunike kwa udongo. Narudia, Moraa, usizifunike. Juu weka kile kifuniko cha plastiki cha keki kinachopitisha mwanga. Maji yatoke chini: weka trei ndani ya karai la maji mpaka udongo ulowe, uitoe. Iwe mahali penye joto na mwanga, lakini si juani. Ngoja wiki mbili, na zikichelewa, tatu.

Hayo mengine uliyoandika nimeyaona.

Mimi shangazi yako,
Eucabeth


Nyumba ya Malezi,
Jumapili, 23 Machi 2025

Shangazi,

Pole kwa Mong'ina, na hongera pia. Mwambie atafune tangawizi. Sisi huku tuko katika Kwaresima, kwa hiyo chai haina sukari na kila mtu ana hasira za chinichini. Mwenzangu wa kuku ameanza kuwasema kuku.

Leo nina aibu. Wiki nne zimepita na kwenye trei hakuna kitu. Hakuna hata jani la magugu. Nimeinama juu yake kila asubuhi mpaka shingo inauma. Nilitaka kukuandikia kwamba mbegu zilikuwa za zamani, lakini kesho nitakwenda kuungama, kwa hiyo niseme ukweli sasa.

Nilizifunika.

Nilinyunyiza kama ulivyosema, kisha nikasimama nikitazama lile vumbi limelala juu ya udongo uchi, nikasikia vibaya. Tangu nikiwa mdogo nimefundishwa kupanda mahindi na wimbi, na mbegu iliyoachwa juu ni kazi ya mvivu au ni chakula cha kuku. Sista Filister naye akapita, akasema, "Wewe Moraa, hiyo mbegu utaiacha nje hivyo, kwani haina mwenyewe?" Nikachota udongo nikafunika. Kidogo tu, unene wa kidole. Niliwaza labda uliandika haraka ukakosea.

Nisamehe. Kama zimebaki nyingine, nitumie. Kama hazijabaki, nitamwambia Sista kwamba mdomo wangu ulinidanganya.

Moraa


Migori,
Jumatatu, 31 Machi 2025

Moraa,

Unene wa kidole! Mbegu ya ukubwa ule, juu yake unene wa kidole! Ungemfunika sisimizi kwa gunia la mahindi angekuwa na nafuu. Sista Filister, na wewe unaposoma hapa, tafadhali mbegu ziache ziwe zangu na Moraa.

Mvua imekuja, kubwa. Maji yaliingia nasari yakabeba mikebe kumi na minne ya miche ya parachichi. Obare aliikimbiza mpaka karibu na daraja, akarudi na mitano na kiatu kimoja.

Nimecheka, sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mimi pia nilizifunika. Mwaka wa kwanza nilipoanza na maua haya nilifunika pakiti tatu moja baada ya nyingine, na kila mara nilimlaani aliyeniuzia. Pakiti ya nne mtoto wa jirani aliniita nikiwa nanyunyiza. Nikaenda, nikasahau, sikurudi kufunika. Siku ya kumi na mbili nilipita pale na ufagio nikaona kijani.

Nilikaa chini, Moraa. Nilikuwa mtu mzima mwenye mashamba mawili, na sikuwahi kujua kwamba kuna mbegu inayotaka kuona mwanga ndipo iamke. Mahindi yanazaliwa gizani, maharagwe gizani, viazi gizani. Nilidhani Mungu ana njia moja. Punje ya mahindi imebeba chakula chake tumboni, inaweza kungoja chini ya udongo. Hii haikubeba kitu. Iko uchi, ndogo kuliko nukta ya kalamu hii, na ndani yake kuna maua ya miezi sita. Mpaka leo nikiinyunyiza huwa naivua leso kichwani kwanza, sijui kwa nini.

Nimekutumia nyingine nyingi, kwa mkono wa dereva anayekuja Rodi. Hizi nimezikusanya mwenyewe. Nazishikia kikombe, maana ganda likikomaa ukiligusa tu linapasuka mkononi na mbegu zinaruka zote. Nimelifanya hilo miaka kumi na tisa na bado nashtuka kama mtoto.

Umeandika kwamba ulidhani nimekosea neno. Mimi maneno yangu nayaandika yote. Kuna watu waliowahi kunificha maneno, lakini hilo si la leo.

Eucabeth


Nyumba ya Malezi,
Jumapili, 27 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Salamu za Pasaka. Najua huadhimishi kama sisi, lakini pokea. Pole kwa parachichi na kwa kiatu cha Obare. Mimi ni mzima na nina furaha mpaka naogopa.

Zimeota!

Nilizipanda Alhamisi tarehe 3. Safari hii baada ya kunyunyiza niliweka mikono nyuma kama mfungwa, nikatoka. Niliweka trei kwenye dirisha la ghala, ukuta wake mmoja ni wa jikoni, una joto. Jumanne ya Juma Kuu, kabla ya sala ya asubuhi, niliinua kifuniko. Nilidhani ni ukungu. Nikaleta macho karibu. Shangazi, ilikuwa ni mashina membamba kuliko unywele wangu, mamia, na kila moja limebeba majani mawili ya duara, na kila jani lina tone la maji. Nilipiga magoti pale kwenye saruji. Nilichelewa sala nikaadhibiwa kuosha sufuria, na niliziosha nikiimba.

Nimewaleta wote waone. Hata mpishi. Sista Filister alitazama, akavua miwani akaifuta, akatazama tena. Akasema, "Nyathina, mwanangu, hizi zimetoka wapi?" Nikasema zimetoka kwenye vumbi alilolishika mwenyewe juzi. Hakuamini. Akaniuliza mara mbili.

Nimehesabu mpaka mia nne nikaacha.

Jambo moja zaidi. Tumepewa fomu ya siku ya nadhiri. Kuna mstari unaosema "Jina la mzazi atakayemtoa". Wenzangu wamejaza. Wangu niliuacha wazi. Sista Filister ameniambia kwa upole kwamba asiye na mtu husindikizwa na mlezi. Nilimwambia mimi nina mtu, ila sijamwuliza. Sasa nakuuliza, Shangazi. Ni Jumamosi, Sabato yenu. Najua. Nimekuuliza hata hivyo.

Moraa wako


Nyumba ya Malezi,
Jumapili, 25 Mei 2025

Shangazi,

Hujajibu. Wiki nne sasa. Nilimwuliza dereva, akasema alikuona mzima, unauza. Namshukuru Mungu kwa hilo. Mong'ina naye anaendeleaje?

Sitarudia nililokuuliza. Naandika kwa sababu nimefanya kosa jingine na hakuna mwingine wa kumwambia.

Miche ilikua vizuri. Ilipopata majani manne niliihamisha mmoja mmoja kwa kijiti cha kiberiti, nikiushika kwenye jani wala si shingoni, nikaipandikiza kwenye vikopo vya maziwa vya jikoni. Niliondoa kifuniko cha plastiki kwa kuwa ilikuwa mikubwa. Ikawa sasa inataka maji kila asubuhi.

Jumamosi iliyopita, tarehe 17, jua lilikuwa kali, na kule ghalani kuna bati. Saa nne niliona majani yameanza kulegea. Nikachota maji. Nikasimama mbele ya vikopo nimeshika debe. Na mkono ukakataa.

Shangazi, sijui nikueleze vipi. Huku Jumamosi nafua, napika, nafagia kanisa, mwaka wa pili sasa, na sijawahi kusikia kitu. Lakini hiyo ilikuwa miche, na miche ni yako. Nilikuona wewe Ijumaa jua likishuka, unapita na kupindua kila debe la nasari mdomo chini, na hakuna wa kuligusa mpaka jua la kesho yake lizame. Miaka yote niliyokaa kwako niliona hivyo. Nilisimama pale na maji mkononi nikiwa nimevaa nguo ya unovisi, nikashindwa kuyamwaga; nikatoka, nikarudi, nikashindwa tena, mpaka mchana.

Sista Filister alinikuta. Akasema, "Hiyo maji unangoja ijimwage yenyewe?" Nikaanza kulia. Alichukua debe akamwagilia yeye, lakini ilikuwa imeshapita saa nane. Zaidi ya nusu imekufa. Imebaki mia mbili na kumi na mmoja.

Sikukuandikia ili unihurumie. Nilitaka tu ujue kwamba mkono ulikataa.

Moraa


Migori,
Alhamisi, 5 Juni 2025

Moraa mwanangu,

Mong'ina hajambo, tumbo limeonekana. Obare hajambo. Mimi nimekuwa na kifua lakini kimepoa.

Barua yako ya Aprili nilikaa nayo kwa sababu nilikuwa na hasira. Ya Mei niliisoma nimesimama nasari, mteja akiniuliza bei ya mwarobaini, na nilimwambia aende kwingine. Nimejifungia siku tatu kutafuta maneno. Niyaseme sasa.

Ulipokuwa kidato cha tatu uliingia Ukatoliki kule shuleni. Nilipata habari sokoni, kwa muuza nyanya. Nilirudi nyumbani nikakupikia mboga uliyoipenda, kwa kuwa ulikuwa umefunga shule siku hiyo, na ulikula na hukusema. Nami sikusema. Miaka minane tumekula bila kusema. Uliniaga kwenda kwa masista kwa karatasi uliyoiacha chini ya kikombe. Leo unaniuliza nije nikutoe. Moraa, mtu anatoaje kitu alichokwisha kunyang'anywa?

Nimelisema. Sasa sikiliza kuhusu miche.

Wewe uliona debe limepinduliwa. Hukuona makarai chini ya meza. Kila Ijumaa kabla ya jua kuzama nilikuwa naweka trei zote za miche michanga ndani ya makarai yenye maji ya kimo cha kucha, zinywe polepole kutoka chini mpaka Sabato iishe. Ulikuwa unaoga wakati huo, ndiyo maana hukuona. Sikuwahi kuacha mche ufe kwa kiu kwa sababu ya siku ya Bwana, na nisingetaka wewe uuache. Ungemwaga tu hayo maji, mtoto. Nisingekukasirikia.

Kwa hiyo Ijumaa weka makarai. Mche ukifika kimo cha kidole cha kati, kata ncha yake kwa kucha. Utaona huruma. Kata. Utatoa matawi manne mahali pa moja. Mwisho wa Juni toa nje upande uani, upana wa mkono kati ya mmoja na mwingine. Mbolea ya ng'ombe iwe ile kuukuu, na kidogo, la sivyo utapata majani matupu.

Kuhusu tarehe 16. Jumamosi ni Jumamosi. Sipandi gari siku hiyo, wala sifanyi shughuli katika kanisa lisilo langu. Andika jina la Sista Filister. Sista, nakushukuru mapema.

Eucabeth


Nyumba ya Malezi,
Jumapili, 13 Julai 2025

Shangazi,

Nimeandika jina la Sista Filister. Usiwe na wasiwasi, sina kinyongo.

Yale ya muuza nyanya sikuyajua. Nilikula ile mboga nikiwa na maneno mdomoni mpaka mwisho wa sahani, nikayameza. Niliogopa utaniondoa nyumbani. Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa na nyumba nyingine. Karatasi niliiacha chini ya kikombe kwa woga uleule. Ilikuwa vibaya na naomba msamaha. Ningekuwa karibu ningekuja kuusema kwa magoti.

Sasa njoo nikuonyeshe kwa kalamu. Nilikata ncha zote mia mbili na kumi na moja, nikifumba jicho moja. Wiki ya pili miche ilikuwa imetoa matawi kama ulivyosema. Nikaitoa nje uani. Wenzangu walikuja na vijiko vya jikoni kunisaidia kuchimba, na Sista Filister alileta makopo yote ya rangi tuliyoyapata stoo, tukayatoboa kwa msumari, tukayapanga ukutani.

Juzi Ijumaa lilichanua la kwanza. Jeupe. Jana saba. Leo baada ya misa sikuweza kuhesabu. Kuna ya waridi, ya zambarau, na moja la rangi ya chungwa ambalo linawaka pale chini ya mti kana kwamba lina taa yake. Mahali palepale ambapo jua halijawahi kufika, Shangazi. Mlinzi wa lango, mzee asiyesema na mtu, alivua kofia.

Nilitamani uone. Hilo tu.

Moraa


Nyumba ya Malezi,
Jumapili, 17 Agosti 2025

Shangazi,

Ulikwenda wapi?

Niliitwa wa nne. Nilisimama, na Sista Filister alikuwa ameshainuka kuja upande wangu. Ndipo watu wa nyuma wakageuka. Nikasikia viatu, nikajua ni vyako kabla sijatazama. Ulikuja katikati ya kanisa na vumbi mpaka magotini, leso imepinda, umeshika kiuno. Sista Filister alirudi akakaa bila kuambiwa. Ulinishika mkono. Mkono wako ulikuwa na jasho, au ni wangu. Askofu alikuuliza unamtoa binti huyu kwa hiari yako, na ukasema ndiyo, kwa sauti, na kanisa zima lilisikia.

Nilipoinuka kutoka altare, nafasi yako ilikuwa tupu. Tulikutafuta wakati wa chakula. Mlinzi alisema ulitoka kwa miguu ukaelekea barabarani.

Naweza kupiga simu sasa, nimerudishiwa. Lakini naona haya kuyasema kwa mdomo. Niandikie. Niambie kama uko mzima, na kwa nini hukungoja.

Sista Moraa


Migori,
Jumanne, 26 Agosti 2025

Sista Moraa, mwanangu,

Niko mzima. Miguu imevimba, lakini Mong'ina ananikanda kwa maji ya chumvi, na tumbo lake hilo, mpaka naona aibu. Amebakiza wiki chache tu. Obare ameanza kutembea polepole kana kwamba ni yeye atakayejifungua.

Nilikuja Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia. Nilishuka Rodi Kopany saa kumi jioni, nikalala kwa Mama Wangwe tuliyesali naye zamani. Asubuhi nilikwenda naye kanisani kwetu, nikasali shule ya Sabato, kisha nikamwambia nakwenda kuona mtoto. Sikupanda gari. Wale wa boda boda walinifuata wakisema, "Mama, panda, ni bure," nikawaambia niacheni, nimeamua. Ni mbali kuliko nilivyodhani. Kwa nini nilikuja? Usiniulize sana. Nilisoma kwamba ulikula ile mboga ukiogopa nitakufukuza. Miaka yote hiyo nilidhani ulinificha kwa dharau. Nilikuwa nimekaa na mtoto mwenye hofu na sikumwona, mimi ninayeona ugonjwa wa mche kwa rangi ya jani.

Sikungoja kwa sababu machozi yalikuwa yananijia, na sikutaka kulia mbele ya askofu wa watu. Nilitafuta mlango nitoke. Nikafungua mlango usio wenyewe, nikatokea uani.

Moraa, mimi nimekuza maua hayo miaka kumi na tisa. Kwangu yako kwenye mikebe, na kila mkebe ukichanua, mtu anakuja anaubeba. Sijawahi kuyaona yakiwa mengi pamoja, yameachwa yakae. Sikujua yanafanya hivyo. Sikujua yanapanda mpaka kwenye mizizi ya mti na kujaa vile, giza lote lile likawa rangi, na kimya. Nilifunika mdomo. Kule ndani mlikuwa mnaimba. Nilikaa kwenye kile kijiwe cha ukutani, sijui muda gani, mtu mzima mzima, nimefungua macho kama niliyezaliwa jana. Nilivua leso.

Sasa nikuambie jambo, na Sista Filister kama bado anasoma, asome. Askofu aliponiuliza kama nakutoa kwa hiari, nilisema ndiyo, na nilidanganya, siku ya Sabato, mbele ya watu. Moyoni nilikuwa bado nimekushika kwa mikono miwili. Pale uani, peke yangu, niliuliza tena swali lake lile kwa sauti yangu mwenyewe. Na nikajibu ndiyo. Mara hiyo ilikuwa kweli.

Shangazi yako,
Eucabeth